Sura ya Saba: Picha Iliyotazama Mlango

Sajini Nassibu alikikuta chumba cha marehemu kimekwisha kanyagwa na kila mwenye buti. Askari wa kituo cha Temeke walikuwa wameingia, wakatoka, wakaingia tena, wakavuta sigara na kuzima vipande ndani ya kopo la rangi ya bluu. Mwili ulikuwa umeshaondolewa. Damu iliyobaki sakafuni mtu mmoja mwenye akili nyingi alikuwa ameimwagia mchanga, isije ikamchafulia viatu.

"Nani kamwaga mchanga?" Nassibu aliuliza.

Konstebo aliyesimama mlangoni aliangalia dari. "Sijui, afande."

"Hujui. Basi nikija kujua mie, utanisikia."

Hakuwa na muda wa kugombana naye. Adhuhuri ile ile Albano, mchonga vinyago, angepelekwa gereza kuu kungoja kesi ya mauaji, na walioingia kule kwa shauri la namna hiyo mara nyingi hawakutoka kwa miguu yao. Bwana Superitendenti, Mzungu wa kituo, alikuwa amelifunga shauri lenyewe akiwa bado anakunywa chai ya asubuhi. Fransis, mchoraji, alikutwa alfajiri amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na tezo, shoka dogo la kuchongea, na kila mchongaji wa Temeke aliijua kwa mpini wake kuwa ni tezo ya Albano. Jumapili iliyopita wawili hao waligombana mbele ya watu. Na picha mpya ya Fransis, iliyoegemezwa kwenye kiti, ilikuwa imechanwa kwa kisu.

"Wamakonde wameuana kwa sababu ya vinyago vyao," Bwana Superitendenti alisema. "Wewe unataka nini zaidi, Sajini?"

Nassibu alitaka asubuhi moja tu. Alipewa, pamoja na onyo kwamba akiipoteza bure atarudishwa kupiga doria sokoni.

Alichuchumaa mbele ya picha. Ilikuwa amerikani, kitambaa cheupe cha pamba, iliyokazwa juu ya mbao na kupakwa rangi za mafuta, zile zile za kupakia milango. Nassibu hakujidai kujua mambo ya picha. Alizozizoea zilikuwa za madukani: simba, twiga, mnazi, mwanamke na mtungi kichwani. Hii haikuwa na mnazi. Ilionyesha uwanja wa nyuma wa nyumba ya Temeke yenye paa la madebe, na katikati yake mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mwili mzima umefungwa nguo na kamba, akikivua kinyago chake. Chini ya kinyago hapakuwa na pepo wala mzimu. Palikuwa na uso wa kuli aliyechoka, macho mekundu, kibati cha namba ya bandarini kikining'inia shingoni. Mashavu Fransis alikuwa ameyapaka kijani na zambarau, rangi ambazo Mungu hakumpa mtu yeyote, na bado ungeapa kwamba ulipishana naye jana barabarani. Picha ilimkera Nassibu, na ilimkera zaidi kwamba hakuweza kuacha kuitazama.

Kisu kilikuwa kimepita juu ya kinyago huku na huku, ovyo, kwa hasira. Lakini chini upande wa kulia palikuwa na kazi nyingine kabisa. Fransis alikuwa amemchora mtu aliyeinama akisukumia kinyago ndani ya gunia. Mikono ilikuwapo na mgongo ulikuwapo. Kichwa hakikuwapo, mahali pake palikuwa na tundu la mraba, limekatwa taratibu, limenyooka, na kwenye kila pembe kisu kilikuwa kimepitiliza kidogo hata mikato miwili ikapishana. Nassibu alipitisha kidole kwenye lile gunia. Kidole kilitoka na rangi, haijakauka.

Hasira haikati kwa rula, alijisemea, akaagiza jirani aitwe.

Genoveva, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, alikuja huku akijifuta unga kwenye kanga na hakukubali kukaa.

"Nimeshawaeleza wenzio."

"Nieleze na mie."

"Nilimletea vitumbua. Mlango nikaukuta wazi. Kitu cha kwanza kuona ni hilo dude." Alikuwa akiongea na sakafu, hakuinua macho kwenye picha. "Limenikodolea. Ndipo nikamwona Fransis chini."

"Liliutazama mlango hivi hivi?"

"Hivi hivi. Nani angeligusa?"

"Na siku zote hukaa hivi?"

Genoveva alimtazama kana kwamba ameuliza kama samaki hupanda miti. "Siku zote huligeuzia ukutani, kalifunika shuka. Sie wanawake haturuhusiwi kuona mambo hayo ya vinyago, sie huambiwa ni mizimu. Picha nyingine zote tumetazama. Mie kanichora na karai langu. Makuli waliogoma kawachora, mke wa karani kampandisha baiskeli, watu walikuja hapa kujicheka wenyewe. Lakini hii alisema, dada Genoveva, usiisogelee. Pamoja na uzungu wake wote wa kuchora, mila ya kwao aliishika."

"Nani aliyeonyeshwa?"

"Albano, wakagombana. Halafu Fransis akaipeleka kwa yule Mhindi wa vinyago, akarudi nayo. Sasa niache, mafuta yangu yanaungua. Mkishamnyonga Albano mtarudi kuniuliza tena?"

Nassibu alimpisha mlangoni. Aliizungushia picha shuka aliyoikuta imetupwa kitandani, akaibeba mwenyewe, maana konstebo alikuwa ameanza tena kutazama dari.

Duka la Remtulla lilikuwa kwenye Barabara ya Kilwa, na lilijaa Afrika ambayo Nassibu hakuwahi kuishi ndani yake. Mikuki, ngao, tembo wa mpingo wamepangwa kuanzia mkubwa hadi mdogo, na ukutani simba, simba, simba. Remtulla mwenyewe, Mhindi mzee wa Kikhoja mwenye kofia nyeusi na miwani ya kusomea, hakunyanyuka.

"Polisi akisimama dukani, mteja anapita moja kwa moja. Uliza upesi, Sajini."

"Fransis alikuletea picha."

"Fransis alikuwa fundi, hilo sikatai. Misheni walimfundisha kuchora watakatifu, yeye akawachora na miguu mipana ya watu wa Newala, akafukuzwa. Nikamchukua mimi. Nikamwambia, simba. Akachora simba, wakauzika. Halafu wazimu ukamwingia. Makuli. Migomo. Wanawake wanasukumana bombani. Nyuso za kijani! Nani atanunua? Mzungu akishuka melini anataka Afrika ya babu yake, anataka mkuki. Hataki kuambiwa kwamba mwenye mkuki siku hizi anabeba magunia bandarini na anadai nyongeza."

"Na Albano?"

"Afadhali yupi? Nampa mpingo mzuri, namwambia nichongee mzee mwenye ndevu. Ananiletea jitu la jicho moja, tumbo wazi. Anasema amelikuta ndotoni. Mmoja anachora ya leo, mmoja anachonga ya usingizini, na mimi nakula kwa kuuza ya zamani. Wameniponza wote wawili."

Kwenye meza ya nyuma msimamizi wa duka, Polikarpo, kijana wa Songea mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa akikata amerikani kwa ajili ya kuitia kwenye fremu. Aliweka rula, akavuta kisu, akageuza rula, akavuta tena. Alikuwa na mkono mtulivu, ila kila alipofika pembeni kisu kilipitiliza kidogo na kuugusa ubao wa meza.

"Picha ya mwisho uliitazama?" Nassibu alimwuliza Remtulla.

"Niliona kinyago, nikamwambia funika, toa dukani kwangu. Unajua vinyago vya ngoma vya kina Albano vimeibwa mwezi huu? Walikuja hapa na mapanga, wakapekua mpaka chini ya kitanda cha mke wangu. Mimi sinunui vitu hivyo. Nikionekana na picha yake, nitakufa mimi."

"Palikuwa na mtu mwenye gunia."

"Sikumtazama mtu. Mwulize Polikarpo, ndiye aliyemsaidia kuifunga."

Polikarpo aliweka kisu chini, akaja akitabasamu. "Mie nilikuwa na wateja, afande, nikafunga kamba tu. Lakini hapa hakuna cha kuuliza sana. Wale watu kinyago kwao ni roho. Mwanamke akikiona ni balaa. Fransis kakichora, basi wamemkata yeye, wakaikata na picha. Sie tuliosoma hatuwezi kuwaelewa."

"Wewe ulisoma wapi mambo yao?"

"Kila mtu anayajua."

"Na wachongaji, tezo zao jioni wanalala nazo?"

Alijibu Remtulla, kwa kuchoka. "Wanaziacha bandani nyuma. Banda halina mlango. Umemaliza?"

Nassibu alisema bado, akatoka. Polikarpo alibaki amesimama mahali pale pale, tabasamu lingali mdomoni.

Mahabusu ya kituo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo. Albano alikuwa amekaa chini, pingu mikononi, mtu mzima mwenye chale usoni na mabega ya mkata magogo. Nassibu aliiegemeza picha ukutani, ikiwa bado ndani ya shuka.

"Shikamoo, mzee Albano."

Albano aliinua macho kwenye dirisha.

"Kile kinyago alichokichora Fransis. Ndicho mlichokigombania?"

"Wewe umepita kwetu?" Albano aliuliza. "Umetiwa jandoni na watu wetu?"

"Mie Mzaramo."

"Basi hayo siyasemi na wewe. Wala na Mzungu wako."

"Watakunyonga."

"Na waninyonge."

"Unadhani nakutania? Saa sita gari linakuja. Nipe neno moja la kumpelekea Superitendenti."

"Nimekwisha kukupa. Ondoka."

Nassibu aliuendea mlango. Alikuwa ametembea jua lote lile kwa ajili ya mtu anayemfukuza kama mbwa jikoni. Nje alimsikia Yuliana, mke wa Albano, akibishana na konstebo wa zamu. Tangu asubuhi alikuwa hapo na bakuli la chakula, na tangu asubuhi alikuwa akirudishwa. Nassibu akatoa kichwa, akaagiza aingizwe.

Mara mwanamke alipotia mguu mlangoni, Nassibu akaivuta shuka.

Albano hakupiga kelele. Aliruka kutoka pale alipokaa, akaiangukia ile picha kwa kifua, akaigeuza na pingu zake zote mpaka ikalala kifudifudi chini yake, na alipoona ukingo mmoja ungali wazi, akaukamata ukosi wa shati lake kwa meno na kulipasua, akalisukuma kwa kidevu hadi likafunika. Bakuli lilikuwa limeanguka. Yuliana alikuwa amekwisha wapa mgongo, uso kwenye ukuta wa nje.

"Mtoe," Albano alisema, mdomo umejaa vumbi. "Mtoe mwanamke. Wewe ni shetani gani?"

Konstebo alimwondoa Yuliana. Nassibu alichukua shuka, akaifunika picha vizuri bila kuitazama, akaigeuzia ukutani. Kisha akakaa sakafuni, sawa na Albano.

"Utanichukia, na haki unayo. Lakini sikiliza. Fransis mwenyewe aliificha picha hii, nawe ukiwa na pingu umeificha. Aliyemwua aliitoa ukutani, akaivua shuka, akaisimamisha kwenye kiti kuelekea mlango wazi, ili mwanamke wa kwanza kupita aione na sie tupige kelele kwamba ni nyie. Mtu huyo amewasikia Wamakonde. Hajawajua. Ningekwambia kwa mdomo kwamba si wewe, nani angeniamini? Sasa konstebo ameona kwa macho yake."

Albano alikuwa akihema. Alimtazama Nassibu kwa chuki safi isiyofichwa, na kwa mara ya kwanza akajibu alichoulizwa.

"Uliza lisilo la kinyago."

"Mtu mwenye gunia ni nani?"

"Mtu gani? Jumapili hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta mtupu."

"Fransis alikwambia nini siku hiyo?"

"Nilimwambia ichome. Akasema, mzee, ngoja niimalize, ukija kuitazama utamjua aliyewaibia. Nikamwambia kama unamjua, mtaje. Akasema yeye hataji mtu, yeye anachora. Nikamtukana." Albano alijifuta vumbi mdomoni kwa bega. "Yule mtoto hakuwa na adabu. Lakini macho alikuwa nayo."

Basi mwizi alitiwa ndani ya picha baada ya Jumapili, na ndiyo maana rangi ilikuwa bado mbichi. Albano hakumwona. Genoveva hakumwona. Remtulla alifumba macho kwa woga. Waliobaki walikuwa Fransis, aliyekufa, na yule aliyefunga kamba.

Nassibu alirudi Barabara ya Kilwa na askari wawili, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya nyuma. Aliifunua picha upande mmoja tu, penye tundu, akaipachika kando ya amerikani iliyokatwa asubuhi ile. Pembe zote zilikuwa na msalaba mdogo ule ule.

"Kila anayekata hupitiliza," Polikarpo alisema. "Huo ndio ushahidi?"

"Huo ni wa kunileta hapa. Shusheni simba."

"Simba wangu?" Remtulla alisimama. "Nani atalipa vioo vikivunjika?"

Askari waliwashusha simba mmoja mmoja na kuwageuza. Nyuma za picha zilikuwa nyeupe, nyeupe, nyeupe, mpaka walipofika kwenye mmoja aliyekuwa ametundikwa juu ya kiti cha Polikarpo mwenyewe. Nyuma yake amerikani ilikuwa imelowa doa la kijani. Nassibu aling'oa misumari kwa ncha ya kisu. Chini ya simba palikuwa na kipande cha mraba, na kwenye kipande kile, kwa kijani na zambarau, Polikarpo alikuwa ameinamisha shingo, jicho moja likitazama pembeni kama atazamavyo mtu anayeogopa kuonwa.

Remtulla alivua miwani. "Mwanaharamu wewe. Walikuja na mapanga nyumbani kwangu. Mke wangu alilala na presha wiki nzima, nawe unampelekea uji."

Polikarpo hakumsikia. Alikuwa anakitazama kile kipande.

"Vinyago umevipeleka wapi?"

"Kwa baharia mmoja. Ameshaondoka navyo." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ule usomi wote ulikuwa umemtoka. "Nilimwendea anifute tu. Nilimwambia nichore kitu kingine, nichore nimekaa kwenye kiti. Akasema alichokiona ndicho alichokiona. Akanipa mgongo, akaendelea na kazi yake. Mtu ananipa mgongo nami nimekuja kumsihi?"

"Ukiwa na tezo ya mwenzio umeificha ndani ya shati. Ndiko kusihi huko? Na kwa nini hukukichoma hiki?"

Polikarpo alijaribu kucheka. "Nilishawasha kiberiti. Nikashindwa. Hakuna mtu aliyewahi kunichora, afande. Hao wote wanachora simba. Tazama. Ni mie kabisa."

"Ni wewe kabisa," Nassibu alisema. "Mfungeni pingu."

Bwana Superitendenti alisoma maelezo akiwa amesimama, akauliza kama Sajini anajua kwamba kumwingiza mwanamke mahabusu ni kinyume cha kanuni, akatia saini ya kumwachia Albano bila kumtazama. Pongezi hazikuwamo. Gari la gereza kuu lilikuwa limeshafika, na lilipoondoka lilimchukua Polikarpo.

Albano alitoka na shati lililopasuka kifuani. Alisimama mbele ya Nassibu, mkono hakuutoa.

"Mke wangu aliona?"

Yuliana alikuwa kwenye kivuli cha ukuta, anakusanya vipande vya bakuli lake ndani ya kanga. Hakuinua kichwa. Nassibu alikuwa amekula kiapo mara nyingi mbele ya mahakimu, na alijivunia kwamba hakuwahi kusema alichojua si kweli.

"Hakuona," alisema. "Alitoka juani kuingia gizani. Ulikuwa umeshafunika."

"Angekuwa ameona, ningekufuata popote unapolala."

"Najua."

Albano alitema mate kando, si mbali sana na kiatu cha Sajini, akaelekea barabarani bila kugeuka. Yuliana aliinuka amfuate. Alipompita Nassibu alisimama kufunga fundo la kanga, akasema kwa sauti ya chini, kavu, ya mtu asiyetaka urafiki.

"Ulinitumia kama chambo. Hilo sikusamehe."

"Nilitaka kumwokoa."

"Nguo za ngoma nazifua mie. Jasho la mume wangu nalijua, nijidanganye kwamba ni la mzimu? Mama yangu alijua, na mama yake. Sie wote twajua. Wakitoka na vinyago tunakimbia na kupiga mayowe, ndiyo kazi yetu katika ngoma ile. Usije ukamwambia."

Nassibu alimtazama. "Alikuwa anakwenda kunyongwa kwa kuificha siri hiyo. Ungemwambia neno moja tu, pengine angefungua mdomo. Ungemwacha anyongwe?"

Yuliana alitazama mbele, kule mume wake alikokuwa anatembea peke yake katikati ya njia.

"Ningemlilia mpaka nife," alisema. "Lakini nisingemwambia."